Pima Dakika, Usipime Futi

Jumamosi asubuhi, kabla mawingu hayajashuka kukifunika kilele cha Meru, nenda kwenye kiwanja chochote cha kikapu cha shule hapa Arusha, iwe Sakina, Njiro au kule Usa River, ukae pembeni. Usitazame mpira, tazama macho ya watu. Akitokea kijana mrefu, macho yote yanahamia kwake hata kama bado anafunga kamba za viatu. Mmoja atauliza yuko kidato cha ngapi. Mwingine atataka kujua ni mtoto wa nani, maana huenda baba yake naye ni mrefu. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, ameshampandisha ndege ya Marekani. Kijana mwenyewe hajagusa mpira.

Siwacheki, kwa sababu nami ni mmoja wao. Ugonjwa huu ulitukolea tangu Juni 25, 2009, usiku ambao jina la Mtanzania liliitwa kwa mara ya kwanza katika drafti ya NBA. Si ile drafti ya visoda ya kijiweni. Hii ni hafla ambayo timu za ligi kuu ya kikapu ya Marekani hupeana zamu kuchagua vijana. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, futi saba na inchi tatu, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Aliyemtangulia ni Blake Griffin peke yake. James Harden alichukuliwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Tangu hapo, mtu akitaka kuwakejeli Memphis huwakumbusha hayo majina mawili, kisha anacheka. Nadhani kicheko hicho kimetuficha somo lenyewe, na somo hilo linawahusu walimu wa kikapu wa Arusha kuliko mabosi wa Memphis.

Thabeet alianza kucheza kikapu akiwa na miaka 15. Alipoingia Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006, umri wake wa mchezo haukufika hata miaka mitano, ingawa mwili ulikuwa wa kutisha. Chini ya kocha Jim Calhoun akapanda msimu hadi msimu. Msimu wake wa tatu alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mechi, akatwaa kwa mara ya pili mfululizo tuzo ya mlinzi bora wa ligi yao, Big East, na timu ikafika nusu fainali ya vyuo vya taifa. Ukiwekewa mezani takwimu hizo tu, nawe ungemchukua wa pili.

Lakini msimu huohuo palikuwa na usiku mwingine. Februari 16, 2009, siku aliyotimiza miaka 22, Connecticut wakiwa namba moja nchini, walikutana na Pittsburgh. Mpinzani wake chini ya goli alikuwa DeJuan Blair, kijana mnene wa futi sita na inchi saba. Blair alifunga pointi 22 na kuzoa ribaundi 23, Pittsburgh wakashinda, na katika patashika moja Blair alimbeba Thabeet begani na kumtupa chini kama gunia la viazi. Aliyekuwa anaangalia futi aliona ajali ya mchezo. Aliyekuwa anaangalia miguu aliona jambo la kudumu: mtu anayesimama wima mno, asiyejua bado kukaa chini na kushikilia nafasi yake anaposukumwa. Hilo hufundishika, lakini halifundishiki kwa mwezi mmoja, na halifundishiki mtu akiwa benchi.

Memphis waliomchukua walikuwa wametoka msimu wa kushinda mechi 24 na kupoteza 58. Hiyo ndiyo timu inayojengwa upya hasa: hakuna wa kumdai ubingwa, mashabiki wameshazoea kilio, na kila dakika ya mechi ni darasa la bure. Kwa kijana aliyechelewa kuanza mchezo, huwezi kumtafutia nyumba bora zaidi. Tatizo ni kwamba nyumba ilibadilika kabla hajatandika kitanda. Kipindi hichohicho cha usajili Memphis walimleta Zach Randolph, mzoefu wa kupigana chini ya goli, na nafasi ya senta tayari ilikuwa ya Marc Gasol, ambaye kwenye drafti ya 2007 alichukuliwa wa 48. Msimu uliofuata timu ikashinda mechi 40. Kocha aliyeonja ushindi hawezi kumfundisha mtu kukaa chini huku mechi inaponyoka. Thabeet akapata wastani wa dakika 13 kati ya 48. Februari 2010 akashushwa ligi ya chini, kwa Dakota Wizards. Hadi wakati huo hakuna aliyewahi kuchaguliwa juu kiasi hicho akapelekwa huko.

Mwaka mmoja baadaye akapelekwa Houston, yeye na mwenzake pamoja na haki ya kuchagua mchezaji katika drafti, na Memphis wakampata Shane Battier, mzee wa kazi wa miaka 32. Aprili 2011, zikiwa zimebaki sekunde chache, Battier akatupa mpira wa pointi tatu uliowapa Memphis ushindi wao wa kwanza kabisa katika mtoano, dhidi ya San Antonio Spurs waliokuwa wameshinda mechi 61 msimu huo. Spurs wakatolewa. Kwa hiyo hata anayesema Thabeet hakuwapa Memphis kitu anakosea hesabu. Thamani ya mchezaji kikosini ina mifuko miwili: kile anachokifanya uwanjani, na kile ambacho wengine wako tayari kukitoa ili wampate. Mfuko wa kwanza ulibaki mtupu, wa pili ulilipa. Yeye binafsi ndiye aliyelipia: alimaliza NBA mwaka 2014 akiwa na mechi 224 na wastani wa pointi 2.2.

Hukumu yangu ni hii. Memphis hawakukosea kumchagua mrefu. Walikosea kuchagua kijana wa kusubiriwa miaka mitatu na hapohapo kuamua kushinda mwaka unaofuata. Njia mbili zilimshinda fisi.

Tuwatazame Milwaukee Bucks. Mwaka 2013 walimchagua kijana wa miaka 18 kutoka Ugiriki, mtoto wa wazazi Wanaijeria, akiwa wa 15. Giannis Antetokounmpo alikuwa mwembamba, hana mtupo, na wengi hawakuweza hata kulitamka jina lake. Msimu huo Bucks walishinda mechi 15 na kupoteza 67. Kwa kuwa hakukuwa na cha kupoteza zaidi, walimpa karibu dakika 25 kila mechi. Akafunga wastani wa pointi 6.8 tu. Ukimpima kwa pointi hizo unamrudisha kwao. Waliompima kwa dakika waliona kitu kingine: kijana anayekosea leo kosa jipya, si lile la jana. Kumbe alikuwa hata hajamaliza kurefuka. Mwaka 2019 akawa mchezaji bora wa ligi, na 2021 akawapa ubingwa.

Je, Thabeet naye angekuwa Giannis kama angepewa dakika 25? Sidhani, na nisingependa mtu aweke maneno hayo kinywani mwangu. Dakika hazimfanyi mtu kuwa fundi. Dakika humfanya ajulikane ni nani. Memphis walimwachia kwa Houston bila kumjua.

Mkoa wetu umezoea kipimo kisichobishaniwa. Filbert Bayi wa Karatu, alipokimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16 kule Christchurch mwaka 1974, hakuhitaji mtu wa kumtetea. Saa ilisema, dunia ikaandika rekodi. Mkimbiaji hategemei pasi ya mtu. Mcheza kikapu hana saa ya namna hiyo. Pointi zake zimo mikononi mwa pointi gadi anayemlisha, ribaundi zake zinategemea nani anamzibia njia mpinzani, na dakika zake zimo kichwani mwa kocha. Hata kiwanja chetu kikubwa cha pale mjini kimepewa jina la mtu wa vipimo: Sheikh Amri Abeid, mshairi aliyeandika Sheria za Kutunga Mashairi. Yeye alikuwa akihesabu mizani, lakini alijua pia kuwa mstari wenye mizani kamili unaweza kuwa hauna shairi ndani yake. Nikiwaona watu wakimpima mtoto kwa kumsimamisha ukutani na kipande cha chaki, humkumbuka yeye.

Sasa jambo ambalo Wamarekani hawanalo, na ambalo naliona ndilo kiini cha habari yetu. Kule timu huamua kujijenga upya. Mwenye timu anakaa na washauri wake, wanauza wazee, wanakusanya vijana. Hapa kwetu anayeamua ni kalenda. Novemba kidato cha nne wanafanya mtihani, Mei kidato cha sita, na kila mtihani unaondoka na nusu ya kikosi. Ikifika Juni, msimu wa watalii unapofunguka, wale waliobaki mtaani wanapanda Meru na Kilimanjaro kubeba mizigo ya wageni au wanaingia kwenye magari ya hifadhi, na huwezi kumlaumu kijana anayechagua posho ya mlima badala ya mazoezi ya saa kumi na moja jioni. Anayebaki na kung'aa, anafuatwa na timu za Dar es Salaam, nyingine za majeshi zenye ajira ndani yake. Timu ya Arusha inajengwa upya kila mwaka, itake isitake.

Hapo hesabu ya thamani inabadilika kabisa. Kijana wa kidato cha nne anayefunga pointi 20 kila Jumamosi ana miezi kadhaa tu ya kukupa. Yule wa kidato cha pili anayefunga nne ana miaka miwili, na akiendelea hadi kidato cha tano na cha sita hapahapa, ana minne. Mwalimu anayemwacha wa pili benchi ili wa kwanza afikishe pointi 25 amebadilisha ng'ombe wa maziwa kwa nyama ya jioni moja. Najua kwa nini inafanyika. Mkuu wa shule anataka kombe la UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, liwekwe ofisini mwaka huu. Hataki kuambiwa habari za mwaka kesho kutwa. Lakini basi tusijiite tunalea vipaji.

Kisha kuna vijeba. Kila anayefuatilia michezo ya shule nchini anaijua hadithi: kijana ana ndevu, cheti kinasema miaka 16. Watu huliona hili kama jambo la udanganyifu tu, la kukata rufaa na kunyang'anyana pointi. Madhara makubwa yako kwingine. Kijeba huharibu mizani yote ya kiwanja. Anaruka juu ya watoto, anawasukuma, anaonekana nyota, kumbe ameshafika mwisho wa safari yake. Hana kinachobaki kukua. Na mtoto halali wa miaka 15 aliyezibwa naye siku nzima anaandikwa kuwa mlegevu, anaachwa, anaenda kucheza mpira wa miguu. Umri wa kweli ndiyo takwimu ya kwanza ya kuandika, kabla ya kimo. Pointi 10 za mtoto wa miaka 15 dhidi ya wenye 18 si sawa na pointi 10 za mwenye 18 dhidi ya wenye 15. Kwa wasichana uangalifu unazidi, kwa sababu wao hubalehe na kumaliza kurefuka mapema. Binti anayewazidi wenzake kwa kichwa akiwa na miaka 13 huenda akiwa na 17 wakawa wamemfikia, na kama alifundishwa kusimama chini ya goli tu, atabaki bila kazi.

Kuna pia mtego mwingine unaowanasa hata wazoefu. Kwenye timu mbovu pia kuna mfungaji bora. Lazima mtu afunge. Timu ikimaliza mechi na pointi 45, kuna aliyezifunga, na jina lake litasomwa kwa sauti. Swali ni alitupa mara ngapi kupata hizo 18 zake. Nilipoanza kukaa na daftari na kuhesabu mitupo iliyokosa badala ya ile iliyoingia, nilipoteza mashujaa wawili siku moja. Na hapa kwetu, kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, kuna udanganyifu wa mapafu pia: wageni wa kutoka pwani hufika robo ya nne ndimi nje, vijana wetu wakawapita kama upepo. Ule si ufundi, ni hewa ya Meru.

Kwa hiyo niandike nini daftarini? Mimi huanza na mitupo huru. Pale mstarini hakuna wa kukuzuia, kijeba hana faida, mrefu hana faida, kiwanja kikiwa cha lami au cha vumbi goli halisogei. Kijana wa miaka 15 anayeingiza saba katika kumi kwa mkono uleule na pumzi ileile atakuja kutupa kutoka mbali hata kama leo mipira yake ya pointi tatu inapita juu ya uzio. Lakini mitupo kumi haitoshi. Hesabu mia mbili kwa miezi kadhaa ndipo useme. Baada ya hapo natazama mikono, urefu wake na jinsi inavyopokea pasi mbaya. Natazama anafanya nini sekunde tatu baada ya kupoteza mpira: anamtazama refa, anamtazama kocha, au anarudi mbio? Kisha swali ninalolipenda kuliko yote, ambalo halijibiki kwa siku moja: ni nini alishindwa kukifanya Januari na sasa anakifanya Juni? Mtoto mwenye jibu la swali hilo, hata awe na futi tano na nusu, ana thamani kuliko mlingoti ambao Januari na Juni ni yuleyule.

Msinielewe vibaya, urefu ni mali. Goli liko futi kumi juu na halitashushwa kwa ajili ya mtu. Ninachosema ni kwamba urefu ni kiwanja, bado haujawa nyumba.

Na subira nayo ina bei, tusijidanganye. Tazama Jonathan Kuminga, mtoto wa Goma, mji wa wanaozungumza Kiswahili uliokaa chini ya Nyiragongo kama sisi tulivyokaa chini ya Meru. Mwaka 2021, akiwa na miaka 18, alichaguliwa wa saba na Golden State Warriors, timu ya yuleyule Curry aliyepitwa na Memphis. Warriors walitaka mambo mawili: Curry ashinde sasa, na watoto wakue pembeni yake. Walishinda kweli, ubingwa wa 2022, na Kuminga akapata pete akiwa na miaka 19. Lakini James Wiseman, senta waliyemchagua wa pili mwaka 2020, wakamwachia Februari 2023, akiwa na dakika chache na majeraha mengi. Kuminga mwenyewe alianza na dakika kama 17 kwa mechi. Alipoongezewa hadi 26, msimu wa 2023/24, wastani wake ukapanda hadi pointi 16.1. Hata hivyo mwaka 2025 yeye na timu walivutana miezi kadhaa kuhusu mkataba mpya, kila upande ukiwa na bei yake kichwani. Baada ya misimu minne, bado walikuwa wanabishana huyu ni mchezaji wa namna gani. Ndivyo inavyokuwa kijana akilelewa kwa dakika za kudokoa.

Sisi hatuna mikataba ya mamilioni ya dola. Tuna dakika 40 kila Jumamosi, na hizo hazina gharama. Lakini hata dakika zina ubora. Nimewaona walimu wengi, watu wema kabisa, wakimwingiza mtoto robo ya nne timu ikiwa nyuma kwa pointi 30, au mbele kwa 30, wakidhani wamemlea. Mchezo umeshakufa wakati huo. Hakuna anayemkaba, mashabiki wanakunja mikeka, wachezaji wakubwa wanacheka benchi. Hapo hajifunzi chochote, na wewe hujapata cha kuandika.

Mwalimu, ligi ya mkoa ikianza tena na masika yakiisha kutulowesha viwanja, chagua wawili wa kidato cha pili. Waandike majina, tarehe halisi za kuzaliwa na mitupo yao huru. Halafu waingize robo ya pili, matokeo yakiwa bado yanabishaniwa, na wakipoteza mpira usiwatoe.